Programu haioni faili lako: tafuta chanzo kabla ya kuwasha ruhusa zote

Ijumaa moja jioni dada mmoja alifika kwenye meza yangu ya steshenari hapa Morogoro, simu mkononi, chaji asilimia 9. Maombi yake ya mkopo wa chuo yalikuwa yanafungwa usiku uleule.

"Kaka, cheti cha kuzaliwa kipo, nakiona kabisa kwenye galari. Nikitaka kukipakia kwenye fomu hakionekani."

Mwenzake wa hosteli alishamwambia kwamba tatizo ni ruhusa, aingie kwenye mipangilio awashe kila kinachowashika. Akawasha. Nilipoipokea simu nikakuta programu tatu zimepewa uwezo wa kusoma na kufuta faili lolote ndani ya simu ile: moja ya kuunganisha PDF, moja ya kusafisha simu, na moja ya mikopo ya haraka aliyoipata kwa kiungo alichotumiwa. Cheti bado hakionekani.

Chanzo kilikuwa kingine kabisa. Fomu ilikuwa inapokea PDF peke yake, na cheti chake kilikuwa picha ya kamera, yaani JPG. Niliifungua picha, nikagusa Chapisha, na pale panapochaguliwa printa nikachagua kuhifadhi kama PDF. Ikatoka, ikapakiwa, basi. Kazi iliyochukua muda zaidi ilikuwa kuzizima zile ruhusa alizoziwasha bila sababu.

Naandika haya kwa sababu kisa hicho nakiona kila wiki, na kila mara ushauri wa mitaani ni uleule: "ruhusu zote". Ushauri huo ni wa hatari, na mara nyingi hauondoi tatizo lenyewe.

Kabla ya yote: faili linafikaje kwenye programu

Kuna njia mbili. Ya kwanza, wewe mwenyewe unalikabidhi: unagusa "chagua faili", simu inakufungulia dirisha lake, unaonyesha faili moja, programu inapewa hilo moja. Dirisha hilo ni la mfumo wa simu, na limekuwepo tangu Android 4.4 ya mwaka 2013. Programu inayolitumia haihitaji ruhusa yoyote ya hifadhi. Njia ya pili, programu inaingia yenyewe na kuchukua, na hapo ndipo ruhusa inapoombwa.

Mgeni akija barazani akaomba maji, unamletea kikombe. Humpi ufunguo wa stoo akajitafutie. Kwa hiyo kila dalili iliyoko hapa chini ianzie kwenye swali hili: je, programu hii inahitaji kuingia, au inatosha niikabidhi faili?

Pia jua simu yako ni toleo gani la Android; nenda Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Sheria za mafaili zimebadilika sana. Hadi kabla ya Android 6 ya mwaka 2015, ukisakinisha programu ulikuwa umekubali kila kitu kwa mkupuo. Android 10 ya 2019 ilianza kuzitenga programu, kila moja na eneo lake. Android 11 ikalifanya hilo kuwa lazima kwa programu zinazotengenezwa kwa kufuata toleo hilo na yanayofuata. Ndiyo maana maelekezo aliyokupa mtu mwenye simu ya zamani hayafanyi kazi kwenye simu yako mpya.

"Nimeruhusu, lakini PDF haionekani"

Hii ndiyo inayoongoza, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kama simu ni Android 13 (ya mwaka 2022) au zaidi, ruhusa ya zamani ya "hifadhi" imevunjwa vipande. Kuna ya picha na video, na kuna ya muziki na sauti. Basi. PDF, Word, Excel na ZIP hazimo kwenye kipande chochote. Unaweza kuruhusu vipande vyote na programu isione PDF hata moja, maana hakuna ruhusa ya kawaida inayozihusu. Suluhisho ni kutafuta ndani ya programu kitufe kinachofungua dirisha la kuchagua faili: pengine kimeandikwa Vinjari, pengine ni alama ya folda au ya klipu ya karatasi. Ukiingia humo utaliona faili lako kwenye Vipakuliwa.

Programu haina kitufe hicho? Isasishe kwanza. Bado haina? Basi geuza safari. Usitafute faili ukiwa ndani ya programu. Nenda kwenye faili lenyewe, ligandamize, gusa Shiriki, halafu chagua ile programu. Wengi hawaijui njia hii, wakati ndiyo salama kuliko zote, kwa sababu unachokabidhi ni faili hilo tu.

Ikiwa faili linaonekana lakini limefifia, na ukiligusa halijibu, achana kabisa na habari ya ruhusa. Fomu imeweka kichujio: inataka aina fulani tu ya faili, kama ilivyokuwa kwa yule dada. Angalia herufi za mwisho za jina. Nimeshaona barua za serikali za mitaa zilizotumwa zikiwa na jina tupu, bila ".pdf" mwishoni, na simu ikashindwa kujua hicho ni kitu gani. Ukiongeza ".pdf" kwenye jina, kama kweli ndani ni PDF, linawaka palepale. Wenye iPhone wana lao: tangu iOS 11 ya 2017 kamera inaweza kuhifadhi picha kwa aina ya HEIC, ambayo fomu nyingi haziipokei. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, chagua ule unaopatana na vifaa vingi, na picha zitakazofuata zitakuwa JPG.

Na ukubwa. Fomu ikisema mwisho MB 1 na cheti chako ni MB 4, baadhi ya fomu zinakaa kimya tu bila kusema kosa. Piga picha upya kwa ubora mdogo kabla ya kuanza kupekua mipangilio.

"Nilitumiwa WhatsApp, sasa sijui liko wapi"

Kwanza hakikisha umelipakua. Hati isiyoguswa kwenye mazungumzo inaweza kuwa bado haijashuka. Mshale wa kupakua ukiwa bado upo, hakuna faili la kutafuta.

Kama limeshuka, kumbuka kwamba zamani folda ya WhatsApp ilikaa juu kabisa ya hifadhi na kila mtu aliiona. Kuanzia 2021 imehamia ndani zaidi. Fungua programu ya mafaili, ingia hifadhi ya ndani, halafu Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, kisha WhatsApp Documents. Ni safari ndefu kwa mtu mwenye haraka, kwa hiyo mimi huwaelekeza hivi: fungua hati ndani ya mazungumzo, gusa Shiriki, ihifadhi kwenye Vipakuliwa au kwenye hifadhi yako ya mtandaoni. Baada ya hapo kila fomu itaiona.

Kuna sababu nyingine kubwa zaidi ya kuhamisha mafaili muhimu kutoka humo. Folda zilizo chini ya Android/data na Android/media ni mali ya programu husika. Ukiiondoa programu, mfumo unafuta na folda yake. Mzee mmoja, mweka hazina wa VICOBA ya mtaa wake, aliiondoa programu yake ya ujumbe ili aisakinishe upya kwa kuwa ilikuwa inakwama. Picha za stakabadhi za wanachama za miezi minane zilikuwa humo, na kikundi kilikuwa hakina daftari jingine. Aliporudi kwenye programu alikuta mazungumzo yamerudi kutoka kwenye nakala ya mtandaoni, lakini picha nyingi hazikurudi. Tulipata chache kutoka kwa waliomtumia, mmoja mmoja, kwa kuwapigia simu. Tangu siku hiyo simgusi mtu programu bila kwanza kunakili folda yake mahali pengine. Baadhi ya programu, unapoziondoa, huleta swali la kubakiza data. Likitokea, lisome, usibonyeze tu.

"Kidirisha cha kuomba ruhusa hakitokei tena"

Ulikataa mara mbili. Tangu Android 11, kukataa zaidi ya mara moja kunahesabiwa kama umesema "usiniulize tena", na programu haiwezi kukuuliza hata ikitaka. Haijaharibika. Nenda Mipangilio, Programu, jina la programu, Ruhusa, ubadilishe mwenyewe. Hakuna haja ya kuiondoa na kuisakinisha upya, na umeshaona hasara ya kufanya hivyo.

"Picha zangu ni elfu mbili, programu inaona sita"

Zilizochaguliwa ni sita. Kwenye Android 14 ya 2023 kidirisha cha ruhusa kina chaguo la kuruhusu baadhi ya picha tu, na iPhone wanalo tangu iOS 14 ya 2020. Mara nyingi mtu aligusa hilo siku ya kwanza akasahau. Hapa sikushauri ukimbilie kuruhusu zote. Kwa programu ya kuweka picha ya wasifu, au ya kutengeneza kadi ya mwaliko, sita zinatosha. Ukihitaji ya saba, ingia kwenye ruhusa ya picha ya programu hiyo uiongeze kwenye uchaguzi. Inachosha kidogo, nakubali. Lakini galari ya mtu ina picha za kitambulisho, za watoto wakioga, za karatasi za hospitali. Programu ya kadi za mwaliko haina kazi nazo.

Inayostahili kuona zote ni ile ambayo kazi yake ni zote: galari yenyewe, au programu ya kutunza nakala za picha mtandaoni. Ukiipa hiyo picha chache, itatunza chache, na siku simu ikiibwa ndipo utakapogundua.

"Jana iliona, leo haioni"

Programu usiyoifungua kwa miezi kadhaa hunyang'anywa ruhusa na mfumo wenyewe. Ilianza na Android 11, baadaye ikashushwa hadi kwenye simu za Android 6 na kuendelea. Ifungue, ikuulize, ikubali. Kama ni programu inayofanya kazi kimyakimya bila wewe kuifungua, kama ya kutunza nakala, ingia kwenye ukurasa wake kwenye mipangilio uzime kile kipengele cha kusimamisha programu isiyotumika. Zima kwa hiyo moja tu. Kwa nyingine kiache, kinakulinda usiku na mchana dhidi ya programu ulizozisahau.

"Folda ya Android/data iko tupu"

Haiko tupu, imefungwa kwako. Tangu Android 11 programu za kawaida za mafaili haziruhusiwi kuchungulia humo, hata zile zenye ufikiaji wa faili zote, ruhusa kubwa nitakayoieleza hapo chini. Wanaoathirika zaidi ni vijana wa michezo na wale waliopakua video ndani ya programu fulani. Unganisha simu na kompyuta kwa waya, chagua kuhamisha mafaili, na mara nyingi folda hiyo itafunguka kutoka upande wa kompyuta. Usisakinishe programu inayodai "kufungua Android/data" ambayo huijui aliyeitengeneza. Folda hiyo imefungwa ili programu moja isiibe vya nyingine, na wewe ungekuwa unaleta mwizi ndani kumtafuta aliyepotea.

Memori kadi

Programu inasoma kadi lakini haiwezi kuandika wala kufuta: hiyo ni sheria ya tangu Android 4.4. Programu inapaswa kukuomba uchague folda ya kadi kupitia dirisha la mfumo, kisha uguse kitufe cha kukubali kuitumia folda hiyo. Ikiwa haikuombi, tumia programu ya mafaili iliyokuja na simu kuhamisha vitu. Kadi ambayo haisomeki ukiihamishia simu nyingine huenda iliandaliwa kama hifadhi ya ndani; hiyo imefungwa kwa simu ya kwanza na haitasomeka kwingine. Usikubali kuifomati mpaka uirudishe kwenye simu yake utoe vitu.

"Programu inakataa kufunguka mpaka niruhusu mafaili yote"

Hapa tumefika upande wa pili, na ndipo roho yangu huwa inaumia.

Ufikiaji wa faili zote ni ruhusa ya peke yake, ilikuja na Android 11, na haitolewi kwenye kidirisha kidogo cha kawaida. Programu inakupeleka kwenye ukurasa wa mipangilio ukawashe swichi kwa mkono wako. Ukurasa huo uko hivyo makusudi, ili usimame kidogo ufikiri. Wanaostahili swichi hiyo ni wachache: programu ya kusimamia mafaili, ya kutunza nakala ya simu nzima, ya kukagua virusi. Duka la Google Play lenyewe linawataka watengenezaji waeleze kwa nini wanaihitaji. Kama ni kibodi, kalenda, kikokotoo, mchezo wa watoto au programu ya mikopo, jibu ni hapana.

Jaribio langu ni dogo. Kataa, halafu tumia programu uone nini kinashindikana. Mara nyingi hakuna kinachoshindikana. Kikishindikana kitu kimoja, tafuta kama kuna ruhusa ndogo inayokitosha. Programu ikifunga mlango kabisa kwa sababu umekataa kitu kisichohusiana na kazi yake, iondoe.

Programu za mikopo nazitaja peke yake. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google Play inazikataza programu za mikopo binafsi kusoma picha na majina ya watu kwenye simu, kwa sababu zilikuwa zinayatumia kumdhalilisha mkopaji: kuwapigia ndugu, kutuma picha zake kwa watu anaofanya nao kazi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kwa hiyo programu ya mkopo ikikuomba picha, mafaili au majina ya watu, ujue ama haiko dukani, ama inavunja masharti ya duka. Hilo la kwanza ndilo nalolikuta zaidi: mtu ametumiwa kiungo, akapakua faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu bila kupitia dukani, simu ikamwonya, akaambiwa na aliyemtumia kwamba onyo ni la kawaida.

Tangu Android 13, programu iliyoingizwa kwa njia hiyo inazuiwa kuwasha huduma ya ufikivu, ile inayoweza kusoma kilichoko kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Watu huja wakiniomba, "Fundi, nifungulie hii, imekataa." Siifungui, na nitakuomba na wewe usimfungulie mtu. Anayekuelekeza kwa simu hatua kwa hatua jinsi ya kuondoa zuio hilo anataka kuiona namba yako ya siri unapoiandika.

Kama tayari umeshairuhusu programu ya namna hiyo, fuata mpangilio huu. Anza kwa kupiga picha za skrini za vitisho na ujumbe wowote uliotumiwa, uzihamishie kwenye simu nyingine. Kisha zima intaneti. Ingia kwenye ruhusa zake uzime moja moja, uzime na ufikiaji wa faili zote, uangalie kama imejipa huduma ya ufikivu au usimamizi wa kifaa; ikiwa na usimamizi wa kifaa haiondoki mpaka uuzime kwanza. Ndipo uiondoe. Badilisha namba ya siri ya huduma yako ya fedha na nywila ya barua pepe ukitumia kifaa kingine, si simu hiyohiyo.

Kuiondoa programu hakurudishi ilichokwisha kukichukua, kwa hiyo waambie mapema watu wako wa karibu wasishtuke wakipigiwa. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake inayopokea malalamiko. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019 na ofisi ya kamishna wa data. Zile picha za skrini ulizozihamisha ndizo utakazokwenda nazo huko.